Joto la Kigae

Juni 2

Bwana Nyuzi ameondoka leo asubuhi. Humu ndani mume wangu nitamwita hivyo mpaka siku atakayoacha kuongea kwa nyuzijoto. Amepata kazi ya mkataba, fundi wa vyumba vya barafu kwenye ghala la samaki, safari ya siku nzima kwa basi. Begi lilikuwa tayari mlangoni aliponishika mkono akaniongoza kwenye korido. Nikadhani ananipeleka chumbani aniage vizuri. Kumbe ananipeleka kwa kobe.

Kigae anakaa kwenye kizimba cha mbao kilichokula nusu ya chumba cha wageni. Upande mmoja inaning'inia taa ya joto kwa mnyororo, chini yake jiwe bapa. Upande wa pili kuna kibanda chake cha kulala, udongo wenye unyevu na sahani ya maji. Kipimajoto kimebandikwa ukutani karibu na taa, na kingine upande wa kivuli.

"Upande wa taa, thelathini na mbili," akasema, kama vile sijaishi na huyo mnyama tangu tuoane. "Upande wa kivuli, ishirini na tatu. Usiku taa inajizima kwa saa yake, lakini joto lisishuke chini ya kumi na nane. Likipungua unateremsha mnyororo pete moja. Likizidi unapandisha."

"Na mimi nisishuke chini ya ngapi?"

Akacheka. Alidhani ni utani. Amepanda basi bado anacheka.

Juni 3

Kapiga simu. Thelathini na moja. Nimeteremsha pete moja.

Juni 4

Thelathini na mbili. Kafurahi utadhani amepandishwa cheo.

Juni 8

Baridi imeingia kweli. Wateja wanakuja saluni wamejifunika vitambaa mpaka puani, hakuna anayetaka kuoshwa nywele. Mama Pacha, mwenzangu tunayeendesha naye saluni, kawasha vile vikaushio viwili vya nywele tukakaa chini yake sisi wenyewe, vichwa vikavu, tunaota moto kama kuku.

Simu ikalia. Mama Pacha akachungulia kioo cha simu. "Mumeo."

Nikapokea. "Saa hizi taa imewaka?" akauliza. Nikamwambia imewaka. "Umeangalia kabla hujatoka?" Nikamwambia nimeangalia. Akakata.

"Amekusalimia?" akauliza Mama Pacha.

"Amemsalimia kobe."

Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu haikuwa inachekesha.

Juni 11

Dada kapiga simu. Mama anakohoa, hali chakula. Wamempeleka hospitali wamemrudisha na dawa. Jioni nikamwambia Bwana Nyuzi kwamba mama anaumwa. "Pole," akasema. "Na huko baridi hiyo, upande wa kivuli unasoma ngapi?"

Juni 13

Ishirini na mbili. Ishirini na mbili! Ishirini na mbili! Nimemwandikia hivyo mara tatu kwenye ujumbe asinipigie.

Juni 16

Mama amefariki alfajiri. Naenda.

Juni 21

Nimerudi nyumbani. Sasa nina nguvu ya kuandika, na naandika kwa hasira, maana machozi niliyamaliza huko.

Tulimzika siku ya pili. Watu walikuja wengi. Waume wa dada zangu wote walikuwepo, hata yule wa mdogo wetu ambaye hatuelewani naye vizuri, alikuja, akabeba viti, akachota maji, akasimama na wanaume wenzake pale makaburini. Wa kwangu tu ndiye aliyekosekana. Nilimpigia asubuhi ile ile ya kifo. Akasema, "Nitaomba ruhusa." Jioni akapiga. "Mke wangu, bosi amekataa. Mkataba mpya, ananiambia nikiondoka nisirudi. Ningefanyaje?"

Nikameza. Nikawaeleza watu. Kila shangazi aliyeuliza, "Mwenzio yuko wapi?" nikamjibu, "Kazini, wamemnyima ruhusa, makatili hao." Nikamtetea! Nikamlaani mtu nisiyemjua, bosi wa samaki, mbele ya mwili wa mama yangu.

Haya, siku ya maziko yenyewe. Tumetoka makaburini, viatu vimejaa udongo, nimekaa chini ukutani na Dada kaniegemea begani. Simu. Nikajua sasa atasema neno. Hata neno moja lingenitosha siku hiyo.

"Poleni sana," akasema. "Mmemaliza salama?"

"Tumemaliza."

"Mungu ampumzishe." Akakohoa. "Kigae umemwachia nani?"

Dada alisikia. Sikuona aibu kama ile maishani mwangu. Dada ni mtu mpole, hajawahi kumsema shemeji yake vibaya hata siku moja. Alinyanyua kichwa begani pangu akaitazama ile simu kama anavyotazama mtu kitu kilichotapikwa.

"Mama Pacha," nikajibu, nikakata.

Juni 22

Sijapokea simu zake.

Juni 23

Sijapokea. Mama Pacha kaniambia amempigia yeye, akamuuliza nyuzijoto. Mama Pacha kamjibu, "Shemeji, mimi nasuka nywele, sipimi hewa," akamkatia. Nampenda huyu mwanamke.

Juni 27

Nyumba hii ina baridi ya kukereketa. Dirisha la chumbani halifungi vizuri, Bwana Nyuzi aliahidi kulitengeneza tangu mwaka jana. Anatengeneza vyumba vya barafu vya watu, mkewe analala kwenye chumba cha barafu cha bure. Chumba pekee chenye joto ni cha kobe. Basi jioni nimebeba kiti changu nikaenda kukaa humo.

Nilikaa namtazama. Katoka kibandani taratibu, kapanda jiwe lake, kanyoosha shingo chini ya taa, kafumba macho. Nikampa jani la mchicha. Akalivuta mkononi mwangu, akalitafuna huku ananiangalia kwa jicho la upande mmoja, jeusi, kavu. Hana maneno ya pole na sikuyatarajia kwake. Nikamwambia habari za mama. Nilizungumza mpaka taa ikajizima kwa saa yake.

Huyu mnyama hana kosa lolote. Nataka niliandike hilo, maana juzi nilifikiria kumtupa.

Julai 2

Thelathini na mbili. Nimerudi kumwandikia namba. Namba tupu, bila salamu. Anajibu "Sawa." Hajaona tofauti.

Julai 5

Mama Pacha ananiambia, "Lakini huyo mumeo ni mtu mzuri. Halewi, hapigi, hana mambo." Nikamjibu kwamba hata jiwe la kobe halilewi wala halipigi. Akaendelea kusuka. Mteja aliyekuwa kitini akasema, "Eeh, na jiwe angalau lina joto." Tukacheka wote watatu. Nimerudi nyumbani nikiwa nimefura bado.

Julai 9

Kigae hali vizuri. Amegusa jani akaliacha. Kipimajoto kinasema thelathini na mbili, kama kawaida. Nimemwambia Bwana Nyuzi. Kasema labda amechoka mchicha, nimbadilishie.

Julai 10

Nimebadilisha. Hali.

Julai 13

Mvua kubwa, upepo umeangusha nguzo mtaa wa pili. Umeme hakuna tangu saa nne asubuhi. Nilikuwa saluni, kichwa cha mtu nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nikamwachia Mama Pacha nikatoka mbio kwenye mvua. Nilikimbia! Mimi, kwa ajili ya kobe, kandambili mkononi.

Nimefika kizimba kimepoa. Kumi na tano. Nikachemsha maji kwenye jiko la gesi, nikayatia kwenye chupa, nikazizungushia taulo, nikazipanga kando ya kibanda, si karibu sana zisimuunguze. Nikafunika kizimba na blanketi langu, lile zito. Maji yakipoa nachemsha mengine. Joto likapanda mpaka kumi na nane likagoma hapo. Nikamtoa, nikamfuta, nikamweka kifuani ndani ya sweta, nikakaa naye jikoni. Gamba lake lilikuwa baridi kama bati. Nilihisi moyo wangu unadunda karibu yake, sijui yeye alihisi nini.

Simu ya Bwana Nyuzi haikupatikana. Mara ya kwanza mimi ndiye namtafuta.

Julai 14

Umeme umerudi asubuhi lakini Kigae si mzima. Anapumua mdomo wazi, shingo kainyoosha mbele kama anataka kutoka kwenye gamba lake. Puani kuna mapovu. Kila akivuta pumzi kuna mlio mdogo, kama mlango unaofunguliwa polepole. Mlio huo naujua. Dada aliweka simu karibu na kitanda cha mama nikausikiliza saa zake za mwisho.

Nilimfunga kwenye kapu na taulo nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari ni mama wa makamo, mkali kidogo, mikono yake mizuri. Kamsikiliza, kamgeuza, kamwangalia mdomo.

"Nimonia," akasema.

"Ni ule umeme wa jana," nikamwambia.

"Jana imemalizia tu. Huyu ameanza kuumwa wiki kadhaa. Kwako joto ni kiasi gani?"

"Thelathini na mbili. Kila siku. Naandika kila siku."

"Kipimajoto kiko wapi?"

"Ukutani. Karibu na taa."

"Urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono. Usawa wa kiuno changu. Daktari akanitazama, akamtazama Kigae aliyelala mezani, kimo cha bakuli lililofunikwa.

"Mama, yeye anaishi huku chini. Pima pale anapokaa."

Kaniazima kipimo chake kidogo cha waya. Nimerudi, nimekilaza juu ya lile jiwe. Ishirini na tano. Kibandani, kumi na saba. Mchana kweupe, taa inawaka.

Tangu Juni nampa mtu ripoti ya ukuta! Na ni yeye aliyekibandika pale kwa mikono yake, fundi wa joto na baridi, mwenye vyeti. Kila jioni ananiuliza, kila jioni namjibu, kila jioni anaridhika, na huku chini mnyama anaganda.

Nimemtumia picha ya Kigae na maneno ya daktari. Simu imeingia hapo hapo. "Nakuja," akasema. "Napanda basi la leo."

Nikakaa na ile simu mkononi. Nakuja. Hivi hivi.

Julai 15

Bwana Nyuzi amefika. Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Aliingia hata viatu hakuvua. Hakuniangalia. Akaenda moja kwa moja chumba cha wageni akapiga magoti. Nilikuwa nimeshateremsha taa, nimekihamisha kipimo chini, jiwe linasoma thelathini na tatu, na sindano ya kwanza Kigae alishadungwa. Akamwinua. Mapovu bado yapo lakini machache. Akamshika kwa viganja viwili akainamisha kichwa. Na akalia. Mume wangu ambaye sijawahi kuona chozi lake, akalia mabega yakimtikisika.

Mimi nimesimama mlangoni. Nilimhurumia, ndiyo. Ila huruma haikukaa sana.

"Bosi amekuruhusuje?" nikamuuliza.

"Aah, yule mzee hana shida," akasema, bado kainama, anafuta pua ya Kigae kwa pamba. "Ukimwambia una dharura nyumbani hata hakuulizi ni nini. Anakwambia nenda, ukimaliza urudi."

Kisha mkono wake wenye pamba ukasimama.

Nikangoja. Alikuwa na nafasi ya kusema kitu.

"Hana shida," nikarudia.

Akaikunja ile pamba.

"Kwa msiba wa mama ulimwomba ruhusa?"

"Mke wangu..."

"Nimekuuliza. Ulimwomba?"

Akamrudisha Kigae juu ya jiwe, polepole, kama ananunua muda. "Sikumwomba."

Yaliyofuata majirani wameyasikia wote, na waliosikia watawasimulia ambao hawakusikia, sijali. Nilimwambia nimemtetea kwa ukoo mzima. Nilimwambia nimemlaani mzee wa watu asiye na hatia mbele ya jeneza. Nilimwambia mume wa mdogo wangu, ambaye hapikiki chungu kimoja na sisi, alibeba viti. Nilimwambia kwamba siku ile sikuhitaji chochote kutoka kwake, wala nauli, wala hotuba. Nilihitaji mtu wa kusimama nyuma yangu nisianguke.

Alisikiliza yote akiwa amepiga magoti pale pale. Nilipoishiwa pumzi akasema, taratibu, "Kigae akipata baridi, najua la kufanya. Nawasha taa. Mama yako alipofariki, sikujua niwashe nini."

Akaendelea. "Niliona nitakuja nisimame kama gogo. Nikaogopa. Nikasema uongo."

"Ungesimama kama gogo!" nikapiga kelele. "Ndicho nilichokuwa nataka! Gogo!"

Nimelala chumbani kwenye baridi, yeye kalala chini kwenye chumba cha kobe. Nimemnyima lile blanketi zito.

Julai 16

Hatujaongea. Kamdunga Kigae sindano. Mkono mzuri.

Julai 17

Jiwe thelathini na tatu, kibanda ishirini na nne. Kaviweka vipimo viwili vyote chini, usawa wa gamba. Amekuja jikoni akasimama. "Nilikibandika vibaya," akasema. "Kipimajoto."

"Nimeona."

"Nilitaka kiwe mahali pa kuonekana kirahisi."

Nikaendelea kukata vitunguu.

Julai 18

Dirisha la chumbani amelitengeneza bila kuambiwa. Sikusema asante. Linafungika vizuri, na hilo pia limenikasirisha: kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa.

Julai 19

Kesho anatakiwa kurudi kazini. Asubuhi akanijia na maelezo: sindano zimebaki, taa iwe pete ya nne, aogeshwe kwenye maji ya uvuguvugu, aangaliwe kila baada ya saa chache.

"Unamwambia nani?" nikamuuliza.

"Wewe."

"Mimi sipo. Naenda na Dada kwa mama. Nyumba yake imefungwa tangu tulipozika, panya wameanza kuingia. Vitu vinatakiwa kugawanywa."

"Sasa Kigae?"

"Kobe ni wako."

"Na kazi?"

"Bosi wako hana shida."

Nilikuwa nimeshafunga begi. Nikampitia Mama Pacha kumkabidhi funguo za saluni, akaniuliza, "Umemwacha?" Nikamwambia sijui. Nimemwacha na kobe, hilo ndilo nalijua. Akanipa kofia yake ya sufu, maana kwa mama kuna baridi zaidi.

Julai 21

Kwa mama. Sikudhani nyumba inaweza kubaki na harufu ya mtu hivi. Dada kafungua kabati la nguo akalifunga tena, akatoka nje. Tumeanza na vyombo. Sufuria moja tumegombania, halafu kila mmoja akamsukumia mwenzake.

Simu ya Bwana Nyuzi imeita mara moja. Sikupokea. Haikuita tena.

Julai 23

Tumefika kwenye nguo. Siwezi kuandika.

Julai 25

Leo mchana nipo chumbani kwa mama, nimebanwa kati ya kitanda na ukuta. Kitanda chenyewe ni cha mbao nzito za zamani, kinatakiwa kwenda kwa mdogo wetu, na gari limeshakuja. Dada mgongo unamuuma hawezi kunyanyua. Nikamsikia mlangoni.

"Shemeji amekuja," akasema. Hakusema karibu. Dada, ambaye humkaribisha hata muuza mitumba!

Bwana Nyuzi kasimama nje ya kizingiti, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, mikono haijui pa kukaa. Kweli alikuwa kama gogo.

"Kigae nimemwacha kwa daktari," akasema. "Amekula jana."

"Sikukuuliza."

"Ndiyo. Nimeomba wiki nyingine kazini."

"Umepewa?"

"Nimepewa."

"Kumbe kuomba unajua."

Hakujitetea. Akamgeukia Dada, akamwambia, "Shemeji, nilitakiwa kuwa hapa Juni. Sikunyimwa ruhusa. Sikuiomba." Dada akasogea pembeni, kiasi tu cha mtu mmoja kupita.

Nikamwambia ashike upande wa kichwani, ndio mzito. Tukanyanyua. Mlangoni kikakwama, akaanza kunielekeza, "Inamisha kwako, zungusha kidogo..." Nikamwambia hapa aongee kidogo. Akafunga mdomo. Tukakitua kwenye korido tupumzike. Godoro tulikuwa hatujalitoa, na lilikuwa limebonyea upande mmoja tu. Akaweka kiganja pale kwenye bonde, akakiacha hapo.

"Alikuwa analala upande huu?" akauliza.

Tangu Juni hakuna neno lolote alilowahi kuniuliza juu ya mama.

"Wa ukutani," nikamjibu. "Tangu baba alipofariki. Huu mwingine aliuacha wazi."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusema pole, na vizuri hakusema.

Nilikuwa bado na hasira naye, na ninayo mpaka sasa ninapoandika. Lakini gari lilikuwa linapiga honi. Nikainama, nikashika miguuni, nikamwambia, "Haya, nyanyua."